Kiti Kilichoinamishwa Zorna

"Siku nitakayokosa mtu wa kukaa kando yangu kwenye karamu ya Zorna, siku hiyo hiyo nitawarudishia kiti chenu cha bunge."

Verna Stadnyk aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya trela la kubebea nyasi, kipaza sauti mkononi, wiki ile aliyochaguliwa. Watu walipiga makofi. Mumewe Nestor alipiga kuliko wote, kisha wakati anamshika mkono kumteremsha akamnong'oneza, "Mdomo huo ndio utakaotuhamisha kijijini." Ulikuwa utani tu. Zama hizo Verna alikuwa hakosi watu mezani, alikuwa anakosa mahali pa kuweka viwiko.

Zorna imo katikati ya nyanda za Kanada, na ni mahali ambapo mtu akipaka mlango wake rangi mpya, habari hiyo hulala na kuamka siku tatu. Maneno ya kwenye trela hayakusahaulika. Yaliwekwa akiba, kama kachumbari ya kabichi kwenye pipa, yakisubiri kuchachuka.

Yalichachuka mwaka huu.

Katika bunge la jimbo Verna ni wa upinzani, tena ndiye pekee wa upinzani anayetoka mashambani, maana yake ni kwamba akisimama kuzungumza, upande wa serikali wanakumbuka simu zao na upande wake wanakumbuka chai. Masika yaliyopita alisimama hata hivyo. Alikuwa amechota maji ya kisima cha Zorna kwenye chupa ya jemu, akayapeleka mjini kupimwa kwa fedha zake, na majibu yalikuwa mabaya: mbolea ya mashambani ilikuwa imezama mpaka kwenye kisima. Mtu mzima anaweza kuyanywa maji hayo na kulalamikia mgongo wake kama kawaida. Mtoto mchanga akinyonyeshwa chupa ya maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, midomo yake inaweza kugeuka bluu. Na kisima hicho ndicho kilichokuwa kinalisha kituo cha kulelea watoto.

"Mnatamba kwamba mmeshusha ada ya malezi," alisema bungeni. "Vizuri, nawapongeza. Lakini wapimaji wa maji mmewapunguza mpaka aliyebaki ana eneo ambalo bata bukini mwenyewe analivuka kwa kupumzika njiani. Mzazi analipa nafuu ili mwanawe akakae mahali ambapo hakuna anayejua anakunywa nini. Mazingira na malezi nyinyi mmeyaweka katika wizara mbili. Mtoto ameyaweka katika tumbo moja."

Akaomba bomba la maji safi. Akaletewa kufuli.

Wiki iliyofuata kituo kilifungwa "kwa usalama wa watoto," na suala la bomba likaahidiwa kuangaliwa. Bado linaangaliwa. Wazazi wakaanza kuendesha gari saa nzima kupeleka watoto mji wa jirani, na wale ambao hawakuweza waliacha kazi. Wanaume wakasikia kwamba sumu yenyewe ni mbolea yao, wakanuna zaidi ya wake zao. Hakuna aliyesema serikali imefunga kituo. Walisema, "Verna amefunga kituo." Ni sentensi fupi, inatamkika vizuri hata mdomo ukiwa umejaa mkate.

Nestor alikufa majira ya baridi kabla ya yote hayo, kwa hiyo hakupata nafasi ya kumwambia, nilikuambia.

Jumapili ya karamu, Verna alikaa muda mrefu ndani ya gari nje ya ukumbi. Alijua wanachokisubiri humo ndani. Alijua pia kwamba akikosa mtu kando yake, Jumatatu atamwandikia Spika, kwa sababu alikuwa na ugonjwa adimu sana katika kazi yake: akisema, anatimiza. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumzuia. Ubunge ulikuwa ndio sababu iliyobaki ya kuchana nywele.

Aliyekuwa anauza tiketi mlangoni ni Lesia Prokop, mwendeshaji wa kile kituo. Miaka kumi na sita ya kufuta makamasi ya kijiji kizima, leo anauza tiketi za karamu ya bata mzinga.

"Moja?" aliuliza Lesia, bila kuinua macho.

"Moja. Hujambo, Lesia?"

"Mstari ni mrefu, Verna. Pita."

Akapita. Ukumbi ulikuwa unanukia kitunguu kilichokaangwa kwa siagi, na meza ndefu zilikuwa zimetandikwa karatasi nyeupe. Karibu kila kiti kilikuwa kimeinamishwa, mgongo wake umeegemezwa ukingoni mwa meza. Zorna kiti kilichoinamishwa kina mwenyewe. Hakiandikwi jina wala hakilindwi. Unaweza kuacha trekta lako barabarani na ukakuta limeazimwa, lakini kiti kilichoinamishwa hakiguswi hata kama mwenyewe yuko Australia.

Verna alijaza sahani: nyama, viazi, pirogi sita za unga zilizojazwa viazi, kabichi zilizofungiwa wali. Akaona nafasi kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, kulikobaki viti viwili kwenye pembe. Akaweka sahani, akavua koti, akakaa, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Wes Kindrachuk, fundi wa mashine za kuvunia, alipita na sahani iliyorundikwa kama lori la mahindi. Wes hajawahi kuona kidonda asikitie chumvi.

"Mheshimiwa," alisema. "Umekuja na mtu, au umekuja na wewe mwenyewe?"

"Nimekuja na njaa, Wes."

"Basi mko wawili. Hilo nalo ni kundi katika chama chenu."

Wa meza ya jirani wakacheka kwenye leso zao. Verna naye angecheka, utani ulikuwa mzuri, ila koo lilikuwa limekauka.

Akaanza kula polepole. Mama mmoja kijana, mtoto begani, alikuja akitafuta mahali. Alimtazama Verna, akatazama kando yake, akasita, akaenda. Mzee wa kwaya akaja na fimbo yake, akatazama vile vile, akageuka. Wakaja mume na mke wasiomchukia hata kidogo, aliowasaidia kupata pensheni. Nao walitazama kando yake, wakamtikisia kichwa kwa upole, wakaenda kujibana karibu na piano. Verna alianza kumtungia Spika barua kichwani. Alifika kwenye "kwa heshima kubwa" akakwama.

Vyombo vya kwanza vilishaanza kukusanywa Lesia alipotokea na sahani yake, mchuzi mtupu na mapaja mawili ya bata mzinga yaliyosahauliwa na bahati. Alisimama.

"Kiti hiki unamwekea nani?"

"Kipi?"

"Hicho, Verna. Ulichokiinamisha."

Verna akageuka. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa kimeegemea meza, kimetulia, kina mwenyewe. Hakukumbuka kukigusa. Lakini kila mwaka Nestor alikuwa jikoni akikata nyama hadi sahani ya mwisho itoke, ndipo anakuja kula akiwa na aproni yenye mafuta, na kila mwaka mkono wa Verna ulikiinamisha kiti chake kabla ya yeye mwenyewe kukaa. Mkono haukuwa umepata habari za msiba.

"Cha Nestor," alisema.

Lesia aliweka sahani yake mezani. Kisha akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakisimamisha, akakaa.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

"Miguu inaniuma, basi. Nipitishie chumvi."

Wakala. Lesia alikula upesi, kama anayelea watoto wa watu wanavyokula, jicho moja likiwa mlangoni. Mara moja tu alisema, "Yule mtoto mchanga wa Bohdana, pale kituoni. Nilikuwa namkorogea chupa mimi mwenyewe. Kwa mkono huu." Akautazama mkono, akaendelea kutafuna.

Jikoni wakamwita. Lesia akainuka na mfupa mkononi. Wes alikuwa anarudi kuchukua keki ya boga.

"Huyo hahesabiwi, Mheshimiwa," alisema. "Amekaa kwa ajili ya miguu."

"Kwenye trela sikusema lazima anipende, Wes. Nilisema akae."

Wes akafikiri, akachukua keki mbili. "Hapo umenipata," alisema, akaondoka.

Verna hakukiinamisha tena kile kiti. Alikiacha wima, wazi kwa yeyote, na hakuna aliyekuja. Watu walikuwa wanatafuta makoti yao. Sasa kila mmoja aliyepita aliweza kuona kwamba kiti kile hakina mwenyewe, na wakapita.

Koo lilikuwa bado kavu. Akanyoosha mkono kutafuta jagi. Kila mwaka majagi ya kioo hukaa katikati ya meza, yamejazwa kutoka bomba la ukumbi, kisima kile kile. Akatazama meza yake, akatazama nyingine, mpaka kule kwenye piano. Hapakuwa na jagi hata moja. Dirishani pa jikoni palirundikwa chupa za plastiki za maji ya dukani, na mume wa Lesia amekaa nyuma yazo na kikopo cha chenji.

Verna akasogea. "Nani kaamua hivi?"

"Kamati ya karamu."

"Kamati ilisema nini?"

"Haikusema kitu," alijibu. "Ilinunua maji."

Verna akafungua mkoba. Chupa moja ilikuwa dola mbili.