Nilivyomtorosha Mgeni Darajani

Nichekeni, maana kila siku nawausia wageni wasihukumu wasichokijua. Mimi ni mtembeza watalii hapa Mji Mkongwe. Juzi nilipokea bibi mmoja mzee na bwana wa makamo kutoka nchi iliyojifungia, ambayo tunasikia raia wake hawasafiri bila mtu wa kuwachunga.

Na kweli, bwana yule alimchunga. Alimpekua mkoba, akamsubiri mlangoni mwa choo, na kila bibi alichotia mdomoni alikiandika kwenye kijidaftari. Nikajisemea, huyu ni usalama wa taifa tu.

Tulipofika soko la Darajani, bwana aliinama kuchagua karafuu. Bibi akanifinya mkono, akaninong'oneza kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Mwanangu, nitoe hapa. Huyu hanipi uhuru!"

Basi tena! Nikampitisha vichochoroni hadi nyumbani kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, nikatia komeo. "Hapa uko huru, bibi," nikamwambia. Shangazi akamtengea kahawa na kikapu cha halua. Bibi alikula huku machozi yakimlengalenga, nami nikajiona shujaa.

Mlango ukagongwa.

"Shangazi, usifungue!"

"Ebo! Nyumba hii tangu lini ikamfungia mgeni mlango?"

Bwana akaingia anahema, muuza samaki aliyemwelekeza yuko nyuma yake.

"Huyu ni mama mkwe wangu, ana kisukari," akasema. "Amekula nini?"

Kikapu kilikuwa kitupu. Bibi akajipangusa midomo, kisha akaninyooshea kidole.

"Kanipa huyu."