Ngome ya Mama Mkwe Haikuwa na Askari

Hadi leo sijui kama mama mkwe wangu alikuwa ananiita au alikuwa amenisahau. Ameulizwa, amejibu, na jibu lenyewe silielewi. Nitaeleza ilivyokuwa, na wewe ukielewa, basi heri yako.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa nafundisha ufundi wa umeme chuoni kule Sigalagala. Nilikuwa na mke, mtoto wa kike aliyekuwa ndio kwanza anaunganisha maneno mawili matatu, na nyumba ya kupanga mjini Kakamega. Mama mkwe alikuwa karani mstaafu wa serikali. Aliishi kwake Navakholo, na kila asubuhi alikuja mjini kufungua kibanda chake cha kupiga chapa. Humo mlikuwa na taipureta tatu, na kompyuta moja aliyoachiwa na Mzungu wa kujitolea aliyekuwa akichapiwa ripoti zake hapo. Kuitengeneza ile kompyuta nilijua mimi peke yangu. Kwa hiyo asubuhi kibanda kilikuwa chake, na alasiri nikitoka kazini kilikuwa changu, nikifundisha watu kompyuta. Ufunguo tuliachiana kwa fundi viatu wa jirani.

Kuonana, hapana. Kwetu mume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja hukaa kando mpaka mwenzake apite. Niliwahi kuingia kwenye shamba la miwa la mtu nikiwa na suti, nikachuchumaa humo karibu nusu saa. Nilipochungulia nikaona kilemba ng'ambo ya barabara. Mama naye alikuwa amechuchumaa kwenye miwa, akingoja mimi nipite. Si chuki hiyo, ni heshima, na ninaomba usinicheke.

Ndani ya ile kompyuta Mzungu aliacha michezo miwili ya vita. Yote ilikuwa ya dunia za kubuni, zenye majoka na mifupa inayotembea, na yote ilikuwa ya zamu. Unasogeza watu wako, unabonyeza, mwenzako anasogeza wake. Unaweza kucheza leo, yeye akacheza kesho.

Mmoja nitauita wa mashujaa. Una ngome, una shujaa juu ya farasi, anazunguka nchi akikusanya mbao na dhahabu, na kila wiki mpya ngome inakupa askari wengine. Unawachukua, unakwenda kumpiga jirani. Ngome ambayo mwenyewe hakuacha askari ndani, unaingia tu na farasi wako, imekuwa yako. Wa pili ni wa wachawi. Huo wewe mwenyewe ndiye mchawi. Unaanza na kijiji kimoja, unajenga ghala, soko, hekalu, unasomea uchawi polepole, na chini ya dunia unayoiona kuna dunia nyingine yenye milango yake. Ukiwakamua watu kodi, wanagoma. Mchezo mmoja unaweza kumaliza mwezi na bado hujapigana na mtu. Mimi nilipenda wa mashujaa na bado naupenda. Unajua uko wapi, adui yuko wapi, leo ni siku gani ya wiki. Ule wa wachawi ulinichosha, niseme ukweli. Kila kitu kilikuwa na sababu tatu na sikujua hata moja.

Sasa siku moja nikakuta kwenye huo wa wachawi mchezo uliohifadhiwa ambao si wangu. Miji kumi na minane! Ghala zimejaa, hakuna raia mwenye njaa. Nikawauliza wanafunzi wangu, wote wakakana. Jioni nikamweleza mke wangu, akacheka hadi akaweka mwiko chini.

"Ni Mama huyo. Anachezanga kila asubuhi kabla wateja hawajaja. Kwani hukujua?"

Wacha we! Mama mkwe wangu, mzee wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama kichwani kila Jumapili, ni mchawi mwenye miji kumi na minane. Sikujua nicheke au niombe.

Wiki iliyofuata nilifungua kompyuta nikakuta mchezo mpya wa mashujaa, wa watu wawili. Upande mwekundu umeandikwa MAMA. Upande wa bluu umeandikwa MKWE. Zamu ilikuwa ya MKWE. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Hili linaruhusiwa? Kumpiga vita mama mkwe? Nilikwenda kumuuliza shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye tuliyemtegemea katika mambo ya desturi.

"Mko chumba kimoja?" akauliza.

"Hapana, yeye asubuhi, mimi alasiri."

"Mnaangaliana?"

"Hatuangaliani."

"Mnakula?"

"Shangazi, ni mashine!"

"Basi mimi sijui," akasema. "Hicho kitu hakikuwako wakati wetu. Cheza tu, lakini cheza kwa adabu."

Nikacheza, kwa adabu. Yeye zamu moja asubuhi, mimi zamu moja alasiri. Maneno tuliyokuwa nayo juu ya michezo yenyewe yakapitia kwa mke wangu. Mama anasema mchezo wako ni wa makanga wa stendi, kusukumana tu. Mwambie Mama wake ni wa mhasibu, hauna damu. Mama anasema mtu anayependa mashujaa hajui watu wanakula nini. Mwambie Mama anayependa wachawi anaogopa kupigwa. Nilikuwa naona raha isiyo na kifani. Nilidhani na mke wangu anaona raha. Sijui kwa nini nilidhani hivyo, kwa maana hakuna siku nilimuuliza.

Kisha mtoto akaamka na homa. Mke wangu aliniambia nikitoka kibandani nipitie duka la dawa kabla halijafunga saa kumi na mbili. Nilikumbuka saa moja kasoro, ndio kwanza nimeteka mgodi wa dhahabu wa mama yake. Nilikimbia, nikakuta kufuli. Mtoto alipewa dawa na jirani.

Nilipofika mke wangu hakupiga kelele, na mimi ningefurahi sana kama angepiga. Alisema, "Mimi si redio yenu. Nimechoka kusema Mama anasema, mwambie Mama. Wewe unaishi huko ndani ya mashine, mimi naishi hapa." Kesho yake nilirudi kutoka Sigalagala nikakuta sufuria zimepangwa, obusuma, ugali wangu, umefunikwa kwa sahani, na nguo za mtoto hazipo. Amekwenda kwao Navakholo.

Mke akienda kwao, hufuatwa. Hilo kila mtu analijua, hata mimi. Unamchukua mtu mzima wa kwenu, mnakwenda, anawasemea, mnarudi na mke. Lakini ningeendaje? Mwenye boma ndiye yule niliyemnyang'anya mgodi siku ya homa. Amekasirika kiasi gani? Ananichukia? Anataka nije, au nikionekana tu ataniachia mbwa? Redio niliyoizoea, mke wangu, imekwenda kwao, na sikuwa na njia nyingine ya kumsikia. Nikasema, nitaangalia mchezo. Atakavyocheza ndivyo moyo wake ulivyo. Akinishambulia nitajua amekasirika, akiacha kabisa kucheza nitajua mambo yameharibika.

Alasiri ya pili nilifungua kompyuta. Alikuwa amecheza. Ngome yake ya mpakani, ile niliyokuwa nimeihangaikia tangu mwanzo, ilikuwa tupu. Hakuna mpiga mishale, hakuna mkuki, hakuna hata mtu wa kufagia. Nilimpandisha shujaa wangu hadi langoni na nikakaa pale nikitazama skrini.

Ni nini hii? Ananiambia karibu? Au ni mtego, niingie aone jinsi nisivyo na haya? Nilikuwa nimebakiza hatua moja tu. Na hapo ndipo desturi ikanishika shati. Nyumba ya mama mkwe! Mwenyewe hayupo, mlango wazi, na mimi niingie na farasi? Nikafikiria vile ningejieleza kwa shangazi. Nikaamua heshima ni kusimama nje. Nikamaliza zamu.

Kesho yake ngome ilikuwa vilevile, tupu. Nikasimama nje, nikamaliza zamu. Keshokutwa vilevile. Wiki ikaisha, askari wapya wakapatikana ndani, na mama akawaondoa wote akaacha lango wazi tena. Sasa mtu wa kawaida angesema nini? Mimi nilisema anaona heshima yangu na anaikubali, na siku akiridhika atamrudisha binti yake. Siku nyingine nilisema hapana, ananidharau, anasema hata nikija sina madhara. Siku nyingine nilidhani anaomba msamaha. Nilikuwa narudi nyumbani, napika mayai, nawaza lango. Shati moja la mtoto lilikuwa limesahaulika kwenye kamba ya nguo na sikulitoa. Wiki sita, haki ya Mungu, nilisimamisha farasi nje ya ngome tupu, na kutoka mjini kwenda Navakholo si safari hata ya kubebea chakula.

Shangazi ndiye aliyekuja kwangu, baada ya kusikia kwa watu kwamba ninaishi peke yangu. Nilimweleza yote, mpaka ramani nikamchorea. Alinisikiliza akiwa ameshika mwavuli wake wima katikati ya magoti.

"Ebu rudia," akasema. "Lango liko wazi."

"Ndiyo."

"Wiki sita."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe umesimama nje."

"Kwa heshima."

"Mayoo!" Alisimama. "Nani alikuambia heshima ni kumwacha mke wako kwa watu? Vaa viatu."

Tulipofika Navakholo tulikaribishwa vizuri, na hilo nalo likanichanganya. Niliwekwa sebuleni peke yangu. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba ndogo pale nyuma, na shangazi akamfuata huko. Dirisha langu lilikuwa wazi na sauti zao zilinifikia zote, kama walivyotaka wao, nafikiri. Shangazi alisema maneno ya kusemwa, akaomba radhi kwa ajili ya dawa, kisha akashindwa kujizuia akauliza ile ngome.

"Askari gani?" mama mkwe akashangaa. "Aa, wale! Niliwapeleka kaskazini, kulikuwa na joka linanisumbua huko. Ile ngome ya mpakani haikuwa na faida kwangu. Nilikuwa namwona amesimamisha farasi pale kila siku, nikafikiri kompyuta imeharibika. Nilingoja aje aitengeneze."

Nilijishika kichwa. Wiki sita! Kisha jikoni kuni zikavunjwa, na nikasikia akisema kwa sauti ya chini zaidi, "Na kama ningekuwa namwita, kwani angekuja?"

Sasa niambie wewe. Alikuwa ananiita, au hakuwa ananiita? Mcheza wachawi wa miji kumi na minane, asiyeacha raia mmoja bila chakula, anaacha ngome nzima tupu kwa kusahau? Siku hizi najua kwa nini ule mchezo wake ulinishinda. Kwenye wangu, askari akiondoka ameondoka. Kwenye wake hujui kitu ni nini mpaka umeishi nacho, na mimi sikuwa mtu wa kuishi na kitu, nilikuwa mtu wa kukitazama kutoka nje.

Mke wangu aliingia na chai. Alikuwa amenenepa kidogo, ametulia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yakanitoka, nikabaki na moja tu, nisamehe. Aliweka kikombe.

"Mimi nilikasirika siku nne," akasema. "Ya tano nikapiga pasi nguo za mtoto, nikasema leo atakuja. Ya sita nikasema leo. Nimepiga pasi nguo hizo mpaka zimembana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kumbe hasira iliisha kabla hata sijamaliza wiki moja pale langoni. Hapo mtoto akatokea mlangoni, amevaa gauni nisilolijua, ameshika kipande cha muwa. Alikuwa amerefuka. Nilinyoosha mikono, nikamwita kwa lile jina letu la utani. Alinitazama usoni, akatazama viatu vyangu, kisha akageuka akakimbilia jikoni akimwita bibi yake kwa sauti kubwa.

"Kukhu! Kukhu! Kuna mgeni!"

Mke wangu hakucheka, wala hakunisaidia. Tulirudi Kakamega wote watatu Jumatatu yake. Mtoto alikaa upande wa dirishani, na njia nzima akawa anamuuliza mama yake kama yule mgeni pia anashuka kwetu.