Lipiko Mwenye Miwani ya Baba

Mpaka leo nikisikia njuga, hata zile za watoto wa shule wanaochezea wageni, mwili unanisisimka. Mume wangu hunicheka. Acheni anicheke, yeye hakuwepo Newala mwaka ule.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kumwagika sokoni, na walimu wengi wakaacha chaki wakauze viatu. Baba yangu, Mwalimu Saidi, hakuacha. Alikuwa na sikio moja lililochomoza kuliko lenzake, na miwani yenye mkono mmoja. Upande wa pili alifunga uzi mweusi. Alipougua alipelekwa Dar es Salaam, akafikia kwa Likwena, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akichonga na kuuza vinyago huko. Likwena alikuwa yatima. Baba ndiye aliyemlisha na kumsomesha, naye kila mfungo alituletea sukari.

Masika yakakata barabara. Ikaja habari tu kwamba baba amefariki na ameshazikwa. Habari kitu gani? Sikuona jeneza wala kaburi, nikakataa katakata. Kila jioni nilimwekea ugali wake kando, nikaufunika, na mwenyewe sikula. Mama alibembeleza, akagomba, mwisho akachoka. Nilikonda nikabaki macho.

Kiangazi, vijana walipotoka jandoni, ikapigwa ngoma ya mapiko, ile ya sura za kuchongwa. Kwetu lipiko si mtu, ni mfu aliyetoka ardhini, na akitokea, wanawake na watoto hukimbia wakipiga mayowe. Alasiri ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma. Tulisikia njuga tu, chwa, chwa, hatuoni kitu. Kisha ukungu ukaachia, akatoka. Jamani! Sikio lilelile limechomoza. Miwani, na uzi mweusi. Hata shingo aliinamisha kama baba anapomsikiliza mtoto akisoma. Kinywa kilikuwa wazi, na ndani yake giza tupu.

Wanawake wakatimka, mama akaangusha kanga. Mimi nikamkimbilia. Nilishika vitambaa vyake, vinanuka nta na moshi, nikamwambia, "Baba, twende nyumbani. Nimekuwekea ugali."

Ngoma zikakatika. Mzee mmoja akafoka, "Mtoto wa nani huyo? Mwondoeni!" Hakuna aliyethubutu kusogea. Lipiko hasemi. Huyu aliniinamia, akatikisa kichwa taratibu. Hapana. Maji yakadondoka kutoka chini ya kile kidevu cha mti, yakanilowesha mkono. Kisha akanishika mabega, akanigeuza nielekee alikokimbilia mama, akarudi zake ukunguni.

Jioni ile sikuweka ugali kando. Niliula, nikalia mpaka sauti ikakauka, na mama akalia pamoja nami.

Nimeshapata watoto wangu, ndipo mama aliponiambia, tukibangua korosho, wala hakuinua macho. "Wanawake wote tunajua aliyemo ndani. Tunakimbia kwa adabu tu."

"Siku ile alikuwa nani?"

"Likwena. Alikuja barabara ilipofunguka. Nani mwingine angeuchonga uso ule?" Akapuliza maganda. "Baba yako hakujaliwa mtoto wa kiume. Kule Dar, Likwena ndiye aliyeshuka kaburini, akampokea, akamlaza."

Nilishindwa kuendelea kubangua. Miaka yote niliamini ni baba aliyenikatalia. Kumbe pale uwanjani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kwa mikono yake kwamba baba harudi, na huyo ndiye aliyekuja kuniambia.