Mchele Uliokwisha Kuchambuliwa

Treni iliyonileta Mwanza ilikwama mbele ya Tabora, mvua ilikuwa imekula tuta la reli. Wanaume tulitandikiwa kanga kivulini. Tukalala, tukaamka, tukailaumu serikali iliyobinafsisha kila kitu isipokuwa mvua. Wanawake, waliokuwa na tiketi kama zetu, waliokota kuni, wakatafuta maji, wakapika. Treni ilipopiga honi, abiria mmoja alijinyoosha akasema safari hii imetuchosha sana. Nilimuunga mkono nikiwa bado natafuna.

Nilikuwa mchora mabango mwenye cheti cha kidato cha nne. Biashara huria ilikuwa imetuletea neema: kila kioski kilitaka chupa ya soda ukutani. Nilipanga chumba Kirumba kwa mama mmoja mkaanga samaki. Yeye aliondoka kwenda mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, kabla hakujapambazuka. Mumewe alitoka chumbani chai ikiwa tayari, akaketi kwenye kiti cha uvivu mpaka jua lizame. Sijawahi kusikia mtu aliyekalia kiti hicho akiitwa mvivu.

Alasiri mama alikaa kibarazani kwenye kigoda, ungo wa mchele mapajani. Wiki za kwanza nilimeza mate nikingoja wali. Tulikula ugali. Mchele ulikuwa ule ule, safi kama meno ya mtoto. Mtu akitokea njiani, vidole vya mama vilianza kutembea, akishapita, vililala. Jirani aliyechoka alikuja kuuazima ungo. Mtaa mzima wa wanawake ulipumzika kwa zamu juu ya mchele ule.

Wakati huo shirika moja la kutetea wanawake lilifungua ofisi Nyamagana. Mratibu wake alikuwa mwanaume, tena mwenye tai. Wafadhili walikuwa wamemwambia kwamba mwanamke anahitaji mapumziko, na sanaa iseme hivyo. Akaandaa semina ya mapumziko. Wanawake wa mtaa wetu walialikwa, kupika. Waligawiwa fulana zilizoandikwa MWANAMKE APUMZIKE, wakazivaa kuoshea masufuria.

Mimi nikapewa ukuta karibu na soko la samaki. Mama aliposikia, alinifuata chumbani.

“Nichore mimi, fundi,” alisema. “Kwenye kile kiti. Na mikononi usiweke kitu.”

Nikamchora hivyo, miguu ameinyoosha, mikono mitupu. Watu walikuja kutazama kama wanaotazama ajali. Wanaume waliuliza nani anapika. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama huyu mama ni mgonjwa, ili wajue kama kuna mchango.

Habari zilivuka maji mpaka kisiwani, Nansio. Wifi wa mama akapanda meli akaja kusema kaka yake ameaibishwa: picha ifutwe, la sivyo mke arudi kwao. Mratibu aliogopa kelele, akaniita ofisini.

“Mchoree ungo tu, fundi. Ujumbe utabaki pale pale.”

Nikamwambia nitamuuliza kwanza mwenye sura. Nilimkuta kibarazani na ungo wake, wifi amesimama mbele yake akihesabu makosa, mume kitini akitazama ziwa. Nilipoeleza nilichotumwa, mama aliinuka taratibu.

“Mchele huu nauchambua tangu nilipoolewa,” alisema. “Kama kuna jiwe limebaki, wifi, litafute wewe.”

Akamwekea ungo mikononi. Kisha mtu akatokea njiani, na wifi akakaa kwenye kigoda, vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Mpita njia alipotoweka, vikasimama. Wote tuliona. Akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. Alikaa kwetu mpaka meli ilipokwenda na kurudi mara kadhaa, wala habari ya mke kurudi kwao hatukuisikia tena. Alipoondoka, aliondoka na ungo.

Mimi nilikataa kazi ya pili. Mratibu akamleta mchoraji mwingine, naye akachora ungo uliopinda kama kofia iliyokaliwa. Kazi za shirika zikaniishia hapo, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwashwa na hamu ya safari.

Siku niliyoondoka, niliweka begi chini nikamwamkia mama. Alikuwa kwenye kiti cha uvivu, mikono mitupu, saa ambayo watu wote wa sokoni wanapita. Aliitikia marahaba, akanitakia safari njema. Nikangoja kidogo, kama mgeni anavyongoja kusindikizwa. Hakuinuka.

Mumewe ndiye aliyenifikisha stendi, akilalamika njia nzima kwamba kigoda kinamuumiza mgongo.