Watoto Watatu wa Baba Mdogo

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, kijiji chetu cha Shinyanga kilikuwa kimejaa. Watoto walizaliwa na, tofauti na zamani, wengi wao walikataa kufa. Ng'ombe nao waliwaiga. Ngitili, yale malisho tuliyoyafunga yasiguswe hadi kiangazi, yalikwisha kabla kiangazi hakijaanza. Magharibi, upande wa Geita, serikali ilikuwa ikifyeka pori la mbung'o, ikatangaza kwamba kila kaya itakayohamia huko itapimiwa shamba kulingana na idadi ya watu wake. Kwa hiyo ilibidi tuhesabiwe.

Baba yangu mdogo aliitamani ardhi hiyo kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Alikuwa na watoto tisa. Alikuwa pia Msukuma wa kale, na kwetu mzazi hakutaja idadi ya watoto wake, kwa kuwa aliyewataja wote alikuwa ameyaonyesha mauti mahali pa kuchagua.

Karani alitoka Tabora. Nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, nikaketi kusikiliza.

"Watoto, mzee?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Watatu."

Karani aliutazama ua. "Na hao wanaotwanga? Na wale wanaofukuza ndama?"

"Wa jirani."

"Mbona wote wana pua yako?"

"Jirani yangu ana pua nzuri."

Mkewe alidakia kutoka jikoni: "Karani, andika uende zako! Kwenu mama yako alikuhesabu kama kuku?"

Karani, mtu mwadilifu, aliandika alichoambiwa.

Siku ya baraza, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alimpa baba mdogo nafasi ya mwisho. "Fikiri vizuri, ndugu yangu. Shamba linapimwa kwa vichwa. Unao watatu tu?" Aliwajua wote tisa. Yeye mwenyewe alikuwa ameandikisha wawili, na nyumbani kwake ugali wa kila siku ulisongwa katika chungu cha harusi.

Baba mdogo alimtazama mkewe. Mkewe aliwatazama watoto, waliosimama nyuma yake bila kupungua hata mmoja, kisha akatikisa kichwa.

"Watatu," akasema baba mdogo.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba watu wa mahali huongezeka kwa kuzaliwa na kwa kuhamia, na hupungua kwa kufa na kwa kuhama. Njia ya tano haipo. Kijiji chetu kiliivumbua. Katika hesabu za Shinyanga walitoka watu watano, katika hesabu za Geita wakaingia watano, na mizani ikakaa sawa kabisa. Wale sita waliobaki walitembea nyuma ya ng'ombe hadi Geita bila kuzaliwa, kufa wala kuhama.

Shamba lililopimwa kwa watoto watatu halikuwatosha tisa. Baada ya misimu michache, wavulana wakubwa walikwenda kufanya vibarua kwenye mgodi wa dhahabu. Wote tisa walikua, wakawa watu wazima.