Leo kwa bariere nilimukana Aline

Leo nimemukana binti yangu Aline mbele ya basoda wenye bunduki.

Tulikuwa tunakimbia vita, toka Kibabi. Kwa bariere, kizuizi cha njiani karibu na Sake, basoda wakakuta mu sakoshi ya Aline karatasi yenye miviringo.

Soda mumoja akamuuliza: "Hii njo karte, ramani ya fasi tunalindaka?"

"Hapana, kaka. Iko nyota, na planeti zake."

"Umeziona wapi?"

"Hazionekane. Planeti ikipita mbele ya nyota, mwangaza wa nyota unapunguka kidogo, njo wanajua iko pale."

Soda akanigeukia. "Papa, huyu mutoto wako?"

Woga ikanikamata. "Simujue."

Akacheka, akamurudishia karatasi. "Pita, profesa."

Jioni, huku Goma, mama mumoja akamuuliza Aline amekuja na nani.

"Peke yangu."

Nilikuwa pembeni yake, nimebeba nguo zake.

Wazazi wenzangu, nianze kumuomba musamaha namna gani?