Kahambu na Skrini ya Barazani

Kahambu alikuwa na sheria moja: neno la siri la kompyuta hulala na mtu mmoja. Sheria hiyo hakuisoma mahali popote. Baba yake, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Kashebere kuuza chumvi na sabuni, alivaa ufunguo wa depo kiunoni hata kanisani, hata siku aliyomzika mke wake, na hakuna mtoto wala karani aliyewahi kuugusa. Kahambu alikua akiutazama ufunguo ule, akaelewa kwamba mtu aliyekabidhiwa mali ya wenzake hana ruhusa ya kuigawa kwa ajili ya urafiki. Watu wa namna hiyo huchekwa. Hata yeye alichekwa. Sokoni walimwita Mama Ufunguo, naye aliitika kama vile ni jina la ubatizo.

Ilikuwa mwaka wa 2012. Vijiji vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, vilikuwa vikihama na kurudi, vikihama tena, na katika kukimbia huko watoto walibanduka mikononi mwa wazazi wao wakabaki njiani. Chama kidogo kilichoitwa Tuonane kilikuwa na chumba kando ya soko la Kashebere, na Kahambu ndiye aliyekabidhiwa chumba hicho na kompyuta yake. Mwanzoni kazi yake ilikuwa matangazo tu: bei ya maharagi, siku za chanjo, barabara iliyofungwa. Kwa hiyo kompyuta ya chumba ilikuwa na skrini mbili. Ndogo ilikaa mezani. Kubwa ilikaa barazani, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, ikilitazama soko lote. Fundi Omer wa Goma aliweka mfumo wa Linux katika kompyuta ile, kwa kuwa alichoka kufukuza virusi vilivyokuja na flashi za watu, na kwa agizo la msimamizi wa chama, Papa Édouard, akaipanga ili skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Papa Édouard alitaka watu waone kwamba chama hakifichi kitu. Nia ilikuwa njema.

Kisha zikaja picha za watoto. Kila picha ilikuwa na jina la mtoto, na chini yake jina la kijiji na la familia iliyompokea, ili mzazi akimtambua wake ajue pa kwenda. Picha zile hazikuwa za kila jicho. Baadhi ya watoto walikuwa wametoroka kwa watu wa bunduki waliowabebesha mizigo na silaha, na wale watu walikuwa bado wanawatafuta. Mzazi alipaswa kuziona mezani, peke yake, huku skrini ya barazani ikiendelea na bei ya maharagi. Kompyuta iliweza kutenganisha skrini. Lakini ilidai kwanza neno la siri la mkubwa wa mashine, na kila ilipozimika kwa sababu jua limejificha na betri imechoka, iliwaka tena ikiwa imeziunganisha.

Kahambu akiwepo, hapakuwa na taabu. Aliandika neno lake, akazitenganisha, mzazi akaketi. Asipokuwepo, kazi ilifanywa na Émilienne, mwalimu ambaye darasa lake lilikuwa limejaa wakimbizi. Yeye hakuweza kuzitenganisha, na ufunguo wa kizimba ulikuwa kwa Kahambu vilevile. Basi alivua kitenge chake cha juu, akatoka, akakitandika juu ya kizimba. Soko lilizoea. Kitenge kikiwa pale, wauzaji waligeuza macho, maana walijua kuna mama ndani anatafuta mtoto, na mtu hatazami kilio cha mwenzake. Hakuna aliyewaagiza. Heshima hiyo ni ya kusifiwa, nami naisifu. Lakini Kahambu na Émilienne waliifanya kuwa ukuta, wakasahau kwamba barabara ile haikupitwa na wenye heshima peke yao.

Émilienne aliwahi kumwomba neno la siri, kwa adabu, na Kahambu akamkatalia kwa adabu. Hawakugombana. "Tutafunikaka tu," Émilienne alisema, na mambo yakaendelea hivyo.

Siku moja ya soko Kahambu alipanda pikipiki kwenda Kibabi kupiga picha watoto wapya. Nyuma yake akafika mama mmoja aliyetembea kutoka mbali, na Émilienne hakuwa na moyo wa kumwambia arudi. Alimpigia Kahambu simu. Kibabi hakukuwa na mtandao. Akatandika kitenge, akafungua picha.

Mwanaume aliyevaa buti za mpira, kama walivyovaa watu wa bunduki, akapita barazani. Muuza mafuta ya mawese aliyekaa mkabala alimwona akisimama, akikitazama kitenge kama mtu aliyeonyeshwa sufuria iliyofunikwa. Akakiinua kwa ncha ya fimbo. Pale kwenye skrini palikuwa na uso wa kijana aitwaye Archange, na chini yake: Burungu, kwa Mama Mukandori.

"Kumbe huyu iko anakula maharagi ya watu Burungu," yule mtu alisema, tena kwa furaha, kama aliyekutana na ndugu.

Ndani, Émilienne alisikia soko limenyamaza. Akazima kompyuta kwa kuchomoa waya, lakini aliyetaka kuona alikuwa ameshaona.

Kahambu aliporudi alasiri alimkuta Émilienne ameketi kwenye kizingiti, kitenge magotini. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akapanda mbio kilima kilichoko nyuma ya kanisa, mahali penye mtandao wa uhakika, akampigia Mama Mukandori kwa namba aliyokuwa nayo yeye tu. Huyo alikuwa mjane mfugaji, na hakuuliza maswali. Kabla jua halijazama alikuwa amemfikisha Archange kwa mapadri, nao wakampeleka Goma ndani ya gari lao. Wale watu wa bunduki walifika Burungu kesho yake. Hawakumkuta kijana, basi wakachoma jiko la mjane na kumswaga ng'ombe wake wa maziwa.

"Ng'ombe ile ilikuwa njo chakula yetu," Mama Mukandori alimwambia Kahambu kwa simu. "Lakini mutoto iko muzima. Usilie, dada."

Kahambu alilia hata hivyo. Émilienne alijaribu kuubeba mzigo: kitenge kilikuwa chake, picha alifungua yeye. Kahambu akakataa, na maneno aliyomwambia yanastahili kukumbukwa na kila mwenye ofisi.

"Apana. Funguo ilikuwa ku kiuno yangu, Kibabi. Picha ya mutoto ilikuwa hapa."

Hapo ndipo naanza kumsifu kweli, maana wengi wetu tukishaona sheria yetu imeumiza mtu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Huing'ang'ania zaidi, tukijifariji kwamba sisi ni waaminifu. Ama huitupa yote kwa hasira na kugawa funguo kama pipi. Kahambu hakufanya hili wala lile. Alirudi kilimani na kumpigia Omer, akamweleza. Omer alisema njia fupi ipo: awafanye wote watumiaji wakubwa wa mashine, waweze kila kitu kama yeye.

"Apana, kaka," Kahambu alijibu. "Siwape nyumba muzima. Minataka tu kila mwenye kukaa pale aweze kufunga rido ya dirisha."

Omer akacheka, kisha akasema inawezekana. Mashine ile ina mahali panapoandikwa nani anaruhusiwa kitu gani. Mtumiaji wa kawaida anaweza kupewa haki ya kupanga skrini, na asipewe haki ya kufuta faili hata moja wala kuongeza programu. Akamsomea mistari michache. Kahambu hakuwa na karatasi. Akaiandika kwa kalamu kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na akashuka kilima ameuinua mkono kama mtu aliyeungua.

Lakini hakuiandika kwenye kompyuta papo hapo. Alimpigia kwanza Papa Édouard, maana chumba hakikuwa chake. Papa Édouard alisikitika sana kuhusu Archange, akasema jambo hilo litapelekwa kwenye kikao cha chama, na hadi kikao kitakapokaa, mtu asiguse mpangilio. Kahambu akauliza wazazi wafanye nini mpaka wakati huo. Akajibiwa wasubiri. Akaeleza kwamba hawawezi kusubiri.

"Sheria ni sheria, règlement ni règlement, Mama Kahambu," Papa Édouard alisema. "Ukiwafungulia kidogo, kesho wataomba yote."

"Basi Papa, minakuambia mimi mwenyewe, usisikie kwa mwengine," Kahambu alisema. "Nitaifanya leo."

Akaifanya. Mistari ilikuwa imeanza kufutika kwa jasho, na mara ya kwanza mashine ilikataa. Akaisoma upya, akasahihisha, ikakubali. Kisha akamketisha Émilienne kwenye kiti, yeye akatoka nje kabisa, akamwambia azitenganishe. Neno la siri halikudaiwa. Neno lenyewe Émilienne hakulijua, na hakulijua kamwe.

Soko lililofuata Kahambu alikuwa mkabala, akinunua mawese, alipowaona wenye buti za mpira wakija, yule wa fimbo mbele. Safari hii walivuta benchi na kukaa barazani, macho kwenye skrini, kama watu waliokuja kutazama mpira. Ndani alikuwa Mama Euphrasie, mwanamke wa upande wa Walikale, aliyefika asubuhi kumtafuta binti yake. Mawingu yalikuwa mazito. Skrini zote mbili zikazimika ghafla, betri imekwisha nguvu. Émilienne akabadilisha betri, kompyuta ikaanza kuwaka. Kahambu akajipapasa kiunoni bila kufikiri, akaacha dumu lake, akaanza kuvuka barabara.

Katikati ya barabara akasimama. Skrini kubwa ilikuwa imetulia kwenye tangazo la chanjo, na ndani, kupitia mlangoni, aliona kichwa cha Mama Euphrasie kimeinama karibu sana na skrini ndogo. Hakukuwa na kitenge. Hakukuwa na kitu cha kuinua.

"Leo munaonyesha nini?" yule wa fimbo aliuliza.

"Chanjo ya ng'ombe," Émilienne alijibu kutoka ndani, sauti yake ya darasani. "Kama uko na moja, uilete na mwenyewe wake."

Muuza mawese alijifunika mdomo kwa kiganja chenye mafuta. Wale watu walikaa kidogo, wakasoma bei ya maharagi mpaka wakachoka, wakaondoka. Mama Euphrasie aliendelea kuketi pale ameshika uso wa binti yake kwenye skrini kwa vidole viwili. Kahambu hakuingia. Hapakuwa na kazi yake ndani, na alisema baadaye kwamba hajawahi kufurahia kutohitajika kama siku ile.

Papa Édouard alifika kutoka Goma barabara ilipofunguka. Hakupiga kelele; si mtu wa kelele. Alimtaka Émilienne atenganishe skrini mbele yake, akaona ameweza, akamgeukia Kahambu na kumwambia achague: aiondoe ruhusa ile sasa hivi na abaki, ama aiache na aondoke yeye. Kahambu aliomba dakika ya kusali. Alipoinua kichwa akamwinamia Papa Édouard sikioni na kumwambia neno la siri, kwa sauti ndogo, ili lihame kwa mtu mmoja kama ilivyopasa. Kisha akaweka ufunguo wa kizimba mezani.

Papa Édouard hakuiondoa ruhusa. Alikaa mbele ya mashine kwa muda mrefu, akamtazama Émilienne, akaizima na kurudi Goma. Wazazi waliendelea kuketi pale mpaka chumba kilipofungwa kwa sababu ya mapigano.

Kahambu alirudi nyuma ya meza ya dukani kwa baba yake, kuuza chumvi na sabuni. Katika maisha yake hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda kama ile ya Tuonane. Aliipoteza, na hakurudishwa.